Benchi la Waliosamehewa

Shemeji yangu ni mwalimu wa michezo, na kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu pale shuleni aliyemwita kwa jina lake. Wanamwita Kipyenga. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, atapita kana kwamba hajasikia. Puliza filimbi mtaa wa tatu, atasimama wima na kuangalia saa. Dada yangu, aliyeolewa naye, anaapa kwamba hata siku ya harusi bwana harusi alikuwa nacho mfukoni hicho kipyenga, na mpiga picha alipowachelewesha watu juani, akakitoa akakipuliza. Namwamini. Mimi ni karani wa shule hiyohiyo. Nakaa chumba cha nje cha ofisi ya Mkuu, barua zote nachapa mimi, mhuri naushika mimi, na hakuna jambo la Kipyenga ambalo halijapita mezani pangu.

Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitamsema sana, na shemeji asiposemwa na shemejiye atasemwa na nani?

Alikuwa na njia yake ya kufundisha, rahisi kuliko kupika chai. Wanafunzi hamsini na wawili wanashuka uwanjani, wanavua viatu vyeusi vya shule, wanavaa raba au wanabaki pekupeku. Wenye mbio wanagawanywa timu mbili, mpira unatupwa katikati, yeye anasimama kwenye duara na kupuliza. Wasio na mbio anawasamehe. Hilo ndilo neno lenyewe, na lilikuwemo kwenye daftari la mahudhurio: Y maana yake yupo, H hayupo, S kasamehewa. Alilirithi kwa mwalimu aliyemtangulia, na huyo sijui alilitoa wapi. Mwenye pumu, S. Asiyeona mpira mpaka umgonge, S. Binti mnene ambaye wenzake wanamcheka akikimbia, S. Wala hakuwafukuza, maskini, alikuwa akimshika mtoto bega na kumwambia kwa upole kabisa, "Wewe kapumzike, mwanangu. Nimekusamehe." Mtoto anakwenda zake kukaa kwenye benchi la saruji nyuma ya tangi la maji, na kwa kuwa viatu viliwahi kuibiwa, anapewa kazi ya kulinda viatu. Ndiyo ikawa elimu yao ya viungo: kulinda viatu vya wenye viungo.

Kila mwisho wa muhula nilizichapa S zote hizo, nikazihesabu, nikapiga mhuri. Miaka kumi na minne. Sikuwahi kuuliza chochote.

Mlinzi mkuu wa benchi alikuwa msichana wa kidato cha nne aliyeitwa Bawabu. Jina alipewa na wenzake, naye akalipokea, kwa sababu kazi hiyo aliifanya kwa ukali wa kweli. Tangu aingie yeye hakikupotea hata kiatu kimoja. Mguu wake wa kushoto ulidumaa baada ya homa ya utotoni, akawa anatembea kwa gongo la kwapani. Kichwani hakikudumaa kitu. Mwalimu wa biolojia alikuwa akimwogopa. Tangu kidato cha kwanza alikuwa akisema kwamba akimaliza atakwenda chuo cha afya kusomea tiba ya viungo, awe yule mtu wa hospitali anayewafundisha waliovunjika kutembea upya. Wengine walimcheka chinichini. Hakuwa na habari nao.

Mwanzo wa muhula wa pili ukaja waraka kutoka ofisi za juu, kurasa sita, kichwa chake "Elimu ya Viungo na Afya kwa Wote". Mkuu wetu ana desturi ya kusoma ukurasa wa kwanza wa kila waraka, tena kwa sauti, kisha humkabidhi karani kurasa zinazobaki. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mambo mawili. Kuanzia mwaka huu kila mwanafunzi ashiriki somo hilo, na mkaguzi atakuja baada ya wiki sita kuwahesabu kidato cha nne. La pili, alama zake zitaingia kwenye cheti cha kumaliza shule, na kufaulu ni hamsini.

"Asilimia mia," Mkuu akasema kikaoni, akiukunja ukurasa wake. Mkuu anapenda asilimia kuliko anavyopenda watu. "Sitaki kusikia tisini na tisa. Nataka mia."

Ikaundwa Kamati ya Ujumuishi yenye walimu wanane. Ilikutana ghorofa ya pili, chumba cha maabara, kwa kuwa huko ndiko kwenye viti vizuri. Bawabu alialikwa kuwawakilisha wasamehewa, barua yake niliichapa mwenyewe, akapanda ngazi zote ishirini na sita na gongo lake, akaingia wakati mwenyekiti anafunga kikao. Wakampigia makofi kwa kujitahidi. Kisha wakashuka kunywa chai, naye akaanza kushuka nyuma yao, ngazi moja moja.

Azimio la kwanza la kamati lilikuwa kujenga njia ya mteremko kwa ajili ya wenye magongo na viti vya magurudumu. Ikajengwa mlangoni kwa Mkuu, maana ndipo mkaguzi atakapopita. Fundi aliibana mahali padogo ikasimama mno, hata yeye mwenyewe toroli la zege lilimshinda, akasaidiwa kulisukuma na watu wawili. Bawabu aliijaribu mara moja. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Akarudi kwenye vidaraja vya ngazi ya zamani ya mlango huohuo. Mkuu akaona isikae bure, akaipangia vyungu vya maua. Azimio la pili lilikuwa bango kubwa la kitambaa lenye maneno HAPA HAACHWI MTU. Likafungwa kwenye tangi la maji, juu ya benchi lenyewe, na wasamehewa wakapata kivuli.

Mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia mambo mengi ya shule, lakini wiki hiyohiyo nikafungua kompyuta kuingiza alama za majaribio.

"Shemeji!" nikamwita Kipyenga dirishani. "Mashine inakataa S zako."

"Ikataeje? Mbona miaka yote zinakubali?"

"Miaka yote lilikuwa daftari. Hii inataka namba."

Akajikuna shingo. "Weka kistari."

Nikaweka kistari. Mashine ikakigeuza sifuri. Nikaweka vingine kumi na sita, maana wasamehewa wa kidato cha nne walikuwa kumi na saba, vyote vikawa sifuri. Kipyenga akaangalia ile safu, akasema labda mashine ina virusi, akaenda zake kufunga nyavu.

Kesho yake wanafunzi wakapanga foleni ofisini kwangu kusaini karatasi zao za majaribio. Bawabu alipofikiwa alisoma yake toka juu mpaka chini, akaiweka mezani, akaegemea gongo lake. Kipyenga alikuwa pembeni anatafuta pampu ya mipira kabatini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa nimepewa sifuri ya viungo na afya."

"Aa, hiyo si sifuri," Kipyenga akasema. "Hiyo ni msamaha. Mashine ndiyo haijui."

"Nilikosa nini?"

"Hujakosa kitu! Ulisamehewa."

"Mwalimu, anayesamehewa ni aliyekosa. Miaka minne nimesamehewa. Nataka nijue kosa langu."

Waliokuwa kwenye foleni wakisukumana wakasogea karibu. Kipyenga akarudi kuchungulia kabatini.

"Chuo cha tiba ya viungo wanataka hamsini ya elimu ya viungo," Bawabu akaendelea. "Ndilo sharti la kwanza, kabla hata ya biolojia. Sina hamsini, sina chuo."

"Basi nakupa hamsini!" Kipyenga akasema, kapata pa kupumulia. "Sitini! Shemeji, mwandikie sitini."

"Za nini?" Bawabu akauliza.

"Za... za tabia njema. Za kulinda viatu."

"Sitaki za huruma. Siku wakiniambia huko chuoni, haya tuonyeshe ulichojifunza, nitawaonyesha viatu?" Akaiangalia miguu ya Kipyenga kwa muda, halafu akamtazama usoni. "Na wewe mwalimu goti la kulia linakuuma tangu nikiwa kidato cha pili."

"Nani kakwambia?"

"Viatu vyako. Si unavivua unavaa raba, unaniachia nilinde? Cha kushoto kimekwisha kisigino, cha kulia kipya. Mwili wote unautupia upande mmoja. Hukimbii siku hizi, unapuliza tu. Umejisamehe na wewe."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka foleni nzima ikacheka, na Kipyenga akatoka bila pampu. Jioni nilipompigia simu dada, akaniambia hakujua lolote. Mume wake alikuwa akijipaka dawa ya kuchua kila asubuhi na kumwambia ni ya kulainisha misuli ya mwanamichezo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu kaumbuliwa na kisigino cha kiatu.

Lakini nilipokwisha kucheka nilijisikia vibaya. Ile sifuri nimeiingiza kwa kidole changu. Nikamfuata Mkuu nikamweleza kwamba kuna watoto kumi na saba watakwama.

Mkuu akawaza kidogo tu. "Siku ya mkaguzi wapelekwe ziara ya mafunzo. Wakitoka hao, waliobaki ni themanini na saba, na wote themanini na saba wanashiriki. Hiyo ni asilimia ngapi?"

"Mia," nikasema. "Lakini Mkuu, si ndio ujumuishi wenyewe? Tutajumuisha bila wao?"

"Ujumuishi wa waliopo," akanijibu, akaniambia nichape barua ya basi. Nikaichapa. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba niliandika "ziara ya mafumbo", na hakuna aliyegundua, kwa sababu Mkuu aliisoma mstari wa kwanza tu.

Kitu kimoja nilikifanya vizuri. Zile kurasa tano za waraka nilizokabidhiwa nilikuwa nazo kwenye faili, na siku hiyo nikazisoma, nikamwita Kipyenga nikamwekea ukurasa wa nne mbele. Akavaa miwani, akasoma kwa midomo: kila mwanafunzi apimwe kwa zoezi linalolingana na mwili wake, na maendeleo yake yalinganishwe na pale alipoanzia yeye mwenyewe.

"Shemeji, hii ilikuwepo?"

"Tangu waraka uje."

"Na sisi tunajenga mteremko wa maua," akasema. Akavua miwani. Nikadhani atacheka, lakini alikuwa anaona haya, na mimi namjua Kipyenga miaka mingi, sikuwahi kumwona anaona haya.

Nyani haoni kundule, na hata akioneshwa, hajui aanzie wapi kulisafisha. Wiki ya kwanza shemeji yangu alijaribu ujumuishi kwa akili yake mwenyewe. Akaamuru mpira wa miguu uchezwe na wote wakiwa wamekaa chini, wakijikokota kwa makalio. Ilipendeza kwa dakika tano. Suruali kumi na moja na sketi nne zilitoboka, na kesho yake mama mmoja alikuja ofisini na suruali ya mwanawe, akaingiza mkono kwenye tundu na kunipungia. Jumatano akawafunga wote vitambaa machoni ili wajue anavyojisikia asiyeona. Nahodha wa timu ya shule akakimbia kwa kujiamini kabisa mpaka kwenye nguzo ya goli. Pua ilivimba siku nne.

"Mwalimu," Bawabu akamwambia kutoka kwenye benchi, "unawalemaza wazima. Sisi bado tumekaa hapahapa."

Ndipo alipokwenda akaketi. Niliona kwa dirisha la ofisi: mtu mzima, kipyenga kifuani, amekaa katikati ya wasamehewa kwenye benchi la saruji, viatu vimewazunguka. Akawauliza mmoja mmoja, yeye mwenyewe angependa kufanya nini. Alinisimulia baadaye kwamba walianza kwa kutazamana, maana swali lenyewe lilikuwa geni. Kisha mwenye pumu akasema anataka kukimbia kidogo na kusimama anapotaka, bila kupigiwa kelele. Asiyeona vizuri akasema mpira ungekuwa wa njano angeuona. Kumbe miaka yote tatizo lilikuwa rangi. Binti mnene akasema hataki kukimbia hata akipewa dunia, ila anaweza kutupa. Wakampa tufe, akalitupa likapita mstari wa wavulana, likavuka na ukingo wa uwanja, likaingia bustani ya mwalimu wa kilimo, na hakuna aliyemcheka tena.

Mmoja alisema anataka kuendelea kukaa. Huyo alikuwa na barua ya daktari ya ugonjwa wa moyo tangu kidato cha pili, na Kipyenga alipoichunguza upya kwa miwani yake akaona kwamba daktari ana mwandiko uleule wa mtu anayeandika matusi kwenye mlango wa choo cha wavulana.

"Wewe," akamwambia, "raba zako ziko wapi?"

Bawabu alichagua mawili: kuzunguka uwanja mara tatu huku akipimwa kwa saa, na kutupa mpira mzito akiwa ameketi. Siku ya kwanza mizunguko mitatu ilimchukua dakika ishirini na moja, na kwapa likachubuka. Siku ya pili Kipyenga alifunga goti bandeji, akasema atazunguka naye. Wanafunzi walipanga mstari kuangalia. Alikuwa anachechemea waziwazi sasa, hakuficha, na mzunguko wa pili Bawabu alimwacha. Uwanja mzima ukapiga mayowe. Wiki hiyo mwalimu alikwenda hospitali kwa mara ya kwanza, akapewa mazoezi ya kukunja na kukunjua, na dada yangu akaacha kununua dawa ya kuchua.

Na kipindi cha afya. Zamani kipindi cha afya kilikuwa Kipyenga kuchora jino ubaoni na kuwaambia watu wapige mswaki. Sasa akampa Bawabu dakika arobaini, na Bawabu akapanga jozi hamsini na mbili za viatu ukutani, akawa anaviinua kimoja kimoja kwa gongo lake. Huyu anakanyagia nje ya unyayo, ndiyo maana kifundo kinamteguka kila muhula. Hivi vinambana, kucha itamtoka, amwambie mama yake aache kumrithisha viatu vya kaka yake. Huyu ana mguu mmoja mrefu kidogo, na hajui. Golikipa akaambiwa mgongo utamuuma akifika miaka thelathini, akaweka mkono kiunoni, ukaanza kumuuma palepale. Wakamwita mchawi, lakini baada ya kipindi walimfuata nyuma, kila mmoja na kiatu chake mkononi. Mimi mwenyewe nilimpelekea changu, na alichoniambia hakiwahusu.

Siku ya mkaguzi basi lilikuja saa mbili asubuhi, likasimama getini likinguruma. Dereva akaomba barua. Mkuu akampa. Dereva akaigeuza huku na huku.

"Haina mhuri, Mkuu. Siwezi kuwabeba wanafunzi bila mhuri."

Mkuu akaja kwangu anatoa jasho. "Mhuri uko wapi?"

"Sijauona tangu jana," nikasema, na nilisema kweli, kwa sababu nilikuwa nimeukalia, na mtu hawezi kuona anachokikalia. Alitafuta kabatini, akatafuta chini ya meza, akaniambia nisimame nimsaidie kutafuta. Nikamwambia mgongo unaniuma, aulize Bawabu. Wakati tunabishana, kipyenga kikalia uwanjani mara tatu, kwa mlio mrefu, na kidato cha nne chote kikashuka mbio, na wasamehewa kwa mwendo wao.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye faili na kofia ya jua. Alipanda vidaraja, akavisifu vyungu vya maua bila kujua vimepangwa juu ya nini, kisha akaenda uwanjani akakaa saa tatu nzima. Alipima, akauliza, akaandika. Alimwona mwenye pumu akikimbia na kusimama, mpira wa njano, tufe lile. Alimwona Bawabu akimaliza mizunguko mitatu kwa dakika kumi na nne na nusu, na mwalimu wa michezo akimfuata nyuma kwa mbali, ulimi nje. Mkuu alijaribu kueleza kwamba mwalimu leo hajisikii vizuri.

"Anajisikia vizuri sana," mkaguzi akasema, akageuza ukurasa.

Kati ya mia na wanne walishiriki mia na watatu. Yule mwenye moyo wa bandia alijificha chooni, akakutwa akisahihisha maandishi yake. Asilimia tisini na tisa. Mkuu aliposoma ripoti aliniomba nimhakikishie kwamba mashine haikukosea.

Kesho yake ilikuwa zamu ya shule ya jirani kukaguliwa. Asubuhi hiyo basi lilelile likasimama getini kwetu, dereva yuleyule, safari hii na barua yenye mhuri. Wakashuka wanafunzi kumi na wawili: wa magongo, mmoja wa kiti cha magurudumu, wawili wenye miwani minene, na binti mmoja aliyeshika kifua. Barua ilisema wamekuja ziara ya mafunzo, kujifunza ujumuishi. Nikaisoma mara mbili. Kipyenga akaisoma mara moja, akatukana tusi ambalo sikujua analijua, kisha akawaambia karibuni wanangu, vueni viatu. Walicheza mpaka mchana. Shule yao ilipata asilimia mia, ikapewa kombe, na sherehe ya kukabidhiwa ilifanyika ghorofa ya tatu. Mkuu wetu alihudhuria, akapiga makofi, na kwa wiki mbili hakumsemesha Kipyenga zaidi ya habari za asubuhi.

Alama za mwisho Kipyenga aliniletea kwa mkono wake. Safu yote namba, hakuna S. Za Bawabu zilikuwa sitini na moja. Nikaziingiza, mashine ikazimeza bila ubishi, na nikasugua viganja kwa furaha nikimngojea aje kusaini, maana nilishaona chuo, koti jeupe na kila kitu.

Akaja. Akasoma. Uso ukabadilika.

"Sitini na moja?"

"Sitini na moja!" nikasema. "Hongera, mwanangu. Chuo hicho!"

"Mwalimu yuko wapi?"

Nikamwita. Kipyenga akaingia anatabasamu. Bawabu hakumwamkia.

"Mwalimu, nimekuja kukata rufaa. Zangu ni sitini na nne. Mpira mzito nilitupa mara nne, na wa nne ulivuka mstari. Umeniandikia mara tatu."

"Wa nne ulivuka," Kipyenga akasema, "lakini uliusukuma. Nilisema bega lizunguke. Bega lilizunguka?"

"Lilizunguka!"

"Halikuzunguka. Nilikuwa nimesimama hapa na wewe uko pale. Ulisukuma kwa kiwiko kwa sababu ulikuwa umechoka na ulitaka kumaliza."

"Golikipa alisukuma na umempa!"

"Golikipa nimemkata nne. Kamuulize."

Nikamkonyeza shemeji yangu: tatu tu, wewe mtu, tatu tu zinakugharimu nini? Hakuniangalia. Alikuwa anamtazama Bawabu kama anavyomtazama nahodha wake siku wakifungwa.

"Sitini na moja," akasema. "Ukitaka nyingine, ungezungusha bega."

"Unanionea!" Bawabu akapiga kelele, na machozi ya hasira yakamtoka. Akaivuta karatasi, akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikaitoboa, ikabidi nichape nyingine, akaisaini na hiyo bila kumtazama mtu, akachukua gongo lake, akatoka bila kuaga. Tulimsikia akishuka vidaraja, gongo linagonga kwa kishindo, huku akimwambia mtu wa foleni kwamba yule mzee hajui kuhesabu.

Kipyenga akanigeukia. Macho yalimjaa maji na alikuwa anacheka.

"Umemsikia, shemeji?" akasema. "Eti namwonea."